Kwenda Mugere: Matayarisho ya Safari ya Jiwe la Livingstone na Stanley

Utangulizi

Kilomita zipatazo 12 kusini mwa Bujumbura, mahali panapoitwa Mugere, lipo jiwe kubwa linalotazama Ziwa Tanganyika. Juu yake yamechongwa majina mawili na tarehe moja: Livingstone, Stanley, 25-XI-1871. Sisi wanafunzi watano wa Kiswahili tumekubaliana kwenda huko kwa miguu wakati wa likizo ya kiangazi, na mimi nimepewa kazi ya kuandaa safari. Nilidhani ni kazi ya siku moja: saa ya kuondoka, maji, chakula, nauli ya kurudia. Imenichukua wiki tatu, kwa sababu siku ya kwanza ya kikao chetu mwenzetu mmoja, mzaliwa wa Mwaro, aliuliza swali ambalo hakuna aliyeweza kulijibu.

Aliuliza: "Kwa nini tutembee juani kilomita 12 kwenda kutazama majina ya Wazungu wawili waliolala pale siku mbili tu?" Kisha akanigeukia mimi akaongeza kwa mzaha: "Au ninyi Waswahili wa Buyenzi mnakwenda kuzuru babu zenu waliowabebea mizigo?"

Tulicheka sote. Lakini nilipofika nyumbani mzaha ule uliendelea kunisumbua. Mimi nimezaliwa Buyenzi. Bibi yangu husimulia kwamba wazee wake walifika kwa mtumbwi kutoka Ujiji. Katika nchi hii neno "Mswahili" mara nyingi hutumika kumaanisha mgeni, au mtu mjanja asiyeaminika, hata kama mtu huyo na wazazi wake wote wamezaliwa Bujumbura. Kwa hiyo swali la mwenzangu lilikuwa na maswali mawili ndani yake: jiwe lile linamkumbuka nani, na sisi tunaosema Kiswahili tuna sehemu gani katika kumbukumbu hiyo?

Katika insha hii nitajaribu kujibu maswali hayo mawili. Nitaeleza kwanza kilichotokea Mugere, halafu watu waliokuwepo ambao jiwe halikuwataja, kisha nafasi ya Kiswahili katika tukio hilo. Mwisho nitaeleza mpango wa safari yetu, ambao umebadilika sana kutokana na niliyoyasoma.

Kosa la kusahihisha kabla ya kuondoka

Watu wengi mjini husema kwamba Mugere ndipo Stanley alipomkuta Livingstone kwa mara ya kwanza. Bibi yangu anasema hivyo, na nimewasikia hata wenye elimu wakisema hivyo. Si kweli. Walikutana Ujiji, ambayo leo ni sehemu ya mkoa wa Kigoma nchini Tanzania. Kwa hesabu ya Stanley ilikuwa tarehe 10 Novemba 1871. Mugere walifika baadaye, wakiwa tayari marafiki na wasafiri wa chombo kimoja.

Hata tarehe zenyewe zinahitaji tahadhari. Shajara ya Livingstone iliyochapishwa inaweka kufika kwa Stanley Ujiji katika mwezi wa Oktoba, siyo Novemba. Livingstone alikuwa ameugua kwa muda mrefu katika safari zake na hesabu yake ya siku ilikuwa imevurugika. Stanley naye aliugua homa mara nyingi njiani. Jiwe limefuata hesabu ya Stanley. Sisemi kwamba tarehe ya kwenye jiwe ni ya uongo. Nasema kwamba msomaji wa historia hapaswi kuamini jambo kwa sababu tu limechongwa kwenye jiwe. Nyuma ya jiwe kuna daftari, na nyuma ya daftari kuna mtu aliyekuwa akitetemeka kwa homa.

Swali lililowaleta

Livingstone na Stanley hawakuja kaskazini mwa ziwa kutembea tu. Walikuja kwa sababu ya mto Rusizi. Mwaka 1858 Waingereza Burton na Speke walifika Uvira, ng'ambo ya ziwa, wakaambiwa na watu wa huko kwamba Rusizi unaingia ziwani. Hawakuufikia mto wenyewe, na mabishano yaliendelea kwa miaka mingi huko Ulaya. Kama Rusizi ungekuwa unatoka ziwani kuelekea kaskazini, basi Ziwa Tanganyika lingeweza kuwa chanzo cha mto Nile.

Katikati ya Novemba 1871 wakaondoka Ujiji kwa mtumbwi uliochongwa kutoka katika gogo moja la mvule, wakifuata pwani ya mashariki kwenda kaskazini na kulala nchi kavu. Tarehe 25 walifika kwa chifu Mukamba katika nchi ya Uzige, wakakaa kwake hadi tarehe 27. Hizo ndizo siku ambazo jiwe la Mugere linazikumbuka. Kutoka hapo walivuka hadi Mugihewa, kwenye delta ya Rusizi, kwa Ruhinga, ndugu yake Mukamba, ambaye aliwaeleza habari nyingi za mito ya eneo hilo. Hatimaye waliingia kwenye mdomo wa Rusizi na kuona kwa macho yao kwamba maji yanakuja ziwani kwa nguvu. Jambo ambalo wenyeji walikuwa wakilisema tangu 1858 likakubaliwa sasa kuwa ugunduzi.

Mwaka 1874 Cameron, Mwingereza mwingine, aliuona mto Lukuga upande wa magharibi, ambako maji ya ziwa hutoka kwenda Lualaba na kuishia katika mto Kongo. Ikawa wazi kwamba Ziwa Tanganyika si la Nile.

Hapa kuna jambo ambalo nataka wenzangu walione tutakapofika. Anayesimama Mugere akitazama ziwa, milima iko nyuma yake. Upande wa pili wa milima hiyo maji mengi hayaji Tanganyika: huingia Ruvubu, kisha Kagera, kisha Ziwa Victoria, na hatimaye Nile. Chemchemi ya kusini kabisa ya Nile iko Rutovu, hapahapa Burundi. Mjerumani Burckhardt Waldecker aliitambua mwaka 1937, na leo pana piramidi ndogo ya mawe juu ya kilima chake. Watu waliokuwa wakitafuta chanzo cha Nile walilala siku mbili Mugere wakiwa wameipa milima hiyo mgongo.

Waliokuwemo mtumbwini

Sasa nirudi kwenye swali la mwenzangu. Jiwe lina majina mawili, lakini mtumbwi haukuwa na watu wawili. Wazungu hao hawakupiga kasia. Walikuwapo wapiga makasia, walikuwapo Wajiji waliojua njia ya ziwa, alikuwapo Ferajji mpishi, na alikuwapo Selim, kijana Mwarabu Mkristo kutoka Jerusalem aliyekuwa mkalimani wa Stanley. Alikuwapo pia Susi, mtumishi wa Livingstone.

Susi amenishughulisha kuliko wote. Alitoka Shupanga, kando ya mto Zambezi, katika nchi ambayo leo ni Msumbiji. Yeye ndiye aliyemkimbilia Livingstone pale Ujiji kumpa habari kwamba Mzungu anakuja. Kwa hiyo kabla ya ile salamu maarufu ya Stanley, Susi alikwisha kumwona na kumsalimu. Katika kitabu chake cha mwaka 1872 Stanley anasimulia pia kisa cha Susi kwa Mukamba. Jioni ya pili chifu alimkirimu Susi pombe nyingi. Usiku Susi alirudi amelewa, akajitupa kwenye kitanda cha Livingstone. Mzee yule, akidhani ni Stanley, alimsogelea pembeni ampe nafasi. Alfajiri baridi ilipomzidi aligundua ni nani aliyemnyang'anya blanketi, akaanza kumpiga makofi ya mgongoni ili aamke.

Stanley alikiandika kisa hiki ili wasomaji wake wacheke. Mimi nimekisoma kama ushahidi. Kinatuambia kwamba Mukamba hakuwakirimu Wazungu peke yao. Kwa chifu huyo, Susi alikuwa mgeni wa kukaribishwa, kupewa kinywaji na kuongea naye hadi usiku. Tukiuliza ni nani aliyejua zaidi habari za nyumba ya Mukamba baada ya siku zile mbili, Stanley aliyelala na homa au Susi aliyekaa kwenye chungu cha pombe, mimi nadhani jibu linajulikana.

Mwaka mmoja na nusu baadaye, Mei 1873, Livingstone alifariki katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Susi, Chuma na wenzao waliukausha mwili wake wakaubeba kwa miguu kwa miezi tisa hivi hadi Bagamoyo, pamoja na madaftari yake. Mwili ulizikwa London, Westminster Abbey, tarehe 18 Aprili 1874. Susi na Chuma hawakuwepo kwenye mazishi. Walipelekwa Uingereza baadaye mwaka huohuo, na huko wakamsaidia mhariri Horace Waller kuzielewa shajara za bwana wao: mahali fulani ni wapi, mtu fulani ni nani, ni nini kilichotokea siku ambazo mgonjwa hakuweza kuandika. Ikiwa leo tuna kitabu cha shajara za mwisho za Livingstone, ni kwa sababu Susi na Chuma waliyabeba madaftari hayo, kisha wakayafafanua. Mtu wa namna hiyo kwangu ni mwanahistoria. Jina lake haliko kwenye jiwe.

Mukamba naye hayuko. Jiwe limesimama katika nchi yake, linakumbuka siku mbili za ukarimu wake, na halimtaji. Ni sawa na mtu kuja nyumbani kwako, ukamlaza na kumlisha, kisha ukutani kwako pakaandikwa jina la mgeni peke yake.

Kiswahili katika safari ile

Vitabu vya wasafiri wa wakati ule havisemi Burundi, Buzige au Bujumbura. Vinasema Urundi, Uzige na baadaye Usumbura. Kirundi husema "bu-". Kiswahili husema "u-". Kwa hiyo majina haya hayakuingia vitabuni kutoka moja kwa moja katika vinywa vya wenyeji. Yalipita kwanza katika vinywa vya wapagazi, wakalimani na wafanyabiashara wa kutoka Zanzibar, Bagamoyo, Unyanyembe na Ujiji, na Wazungu wakaandika walichosikia kwao. Wajerumani walipojenga kituo chao cha kijeshi kaskazini mwa ziwa mnamo 1897 walikiita Usumbura. Wabelgiji wakaendelea na Ruanda-Urundi. Herufi moja ya Kiswahili ilibaki kwenye jina rasmi la nchi hadi uhuru, tarehe 1 Julai 1962.

Hili linajibu sehemu ya mzaha niliotaniwa. Kiswahili kilikuwa lugha ya mtumbwi ule, kabla ya jiwe kuchongwa na kabla ya mji wetu kuwa mji. Wasemaji wake wa kwanza katika pwani hii hawakuwa mabwana. Wengi walikuwa watu wa mizigo na makasia.

Hata hivyo sitaki kuisafisha historia ili inipendeze. Njia iliyoleta lugha ndiyo njia iliyopitisha pembe na watumwa. Ujiji lilikuwa soko la vyote viwili. Katika miaka ya 1880 Muhammad bin Khalfan, aliyejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza, alipanua nguvu zake kutoka Ujiji hadi kaskazini mwa ziwa, na watu wa Uzige hawakumwona kama mgeni wa kukirimiwa pombe. Wakati huo mfalme Mwezi Gisabo alitawala milimani, na wafanyabiashara wa pwani hawakufaulu kuiweka nchi yake mikononi mwao. Naye Stanley, aliyelala hapo kama mgeni, baadaye alifanya kazi ya mfalme Leopold II wa Ubelgiji huko Kongo, na matokeo ya kazi hiyo yanajulikana. Mwenzangu wa Mwaro ana haki ya kulitazama jiwe lile kwa shaka, na ana haki ya kuuliza Kiswahili kiliingia na nani. Jibu la kweli ni kwamba kiliingia na watu wa kila aina: mtumwa na mwenye watumwa, mpishi, mkalimani, mpiga kasia. Leo Burundi ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, na watoto wanajifunza Kiswahili shuleni. Itakuwa vibaya wakijifunza ngeli tu bila kujua lugha hii ilifikaje kwao.

Mpango wa safari

Kwanza ni tarehe. Baadhi yetu walitaka twende tarehe 25 Novemba ili tulingane na jiwe. Nimepinga. Novemba ni masika ya huku kwetu. Mvua ikinyesha miteremko inakuwa utelezi na barabara ya Rumonge huweza kufunikwa na udongo unaoporomoka kutoka milimani. Tutakwenda mwezi Julai. Jumamosi haifai kwa sababu asubuhi kuna kazi za maendeleo, na Jumapili wengine wana ibada. Tumechagua siku ya Alhamisi.

Pili ni namna ya kwenda. Watu wameniuliza kama tunatembea ili kuwaiga wasafiri wa zamani. Hapana, wao hawakuja kwa miguu, walikuja kwa mtumbwi. Tunatembea kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba katika miaka hii ya foleni za mafuta, mtu akitegemea basi la asubuhi anaweza kushinda kituoni. Ya pili ni ya somo letu: anayetembea ataona jinsi uwanda ulivyo mwembamba kati ya maji na milima, na ataelewa kwa miguu yake kwa nini ziwa ndilo lililokuwa barabara kuu.

Tutaondoka saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijawa kali, tufuate barabara ya taifa namba 3 kupitia Kanyosha na Ruziba. Kwa mwendo wa kawaida tutafika kati ya saa tatu na saa nne. Kila mmoja achukue lita mbili za maji, kofia na viatu vilivyofungwa, siyo ndala. Chakula ni chapati, sambusa, ndizi na ndagala wa kukaanga. Hakuna kuogelea: ziwa lina mamba na viboko. Tutabeba vitambulisho vya wanafunzi na barua ya utambulisho, na tukifika tutaonana kwanza na viongozi wa mahali pale. Kila mmoja atachanga kidogo kwa ajili ya mwenyeji atakayetuongoza. Kurudi tutapanda basi likipatikana. Lisipopatikana, tutaanza safari ya miguu saa nane ili giza lisitukute njiani.

Tatu ni adabu. Hakuna atakayepanda juu ya jiwe kupiga picha, na hakuna atakayekwaruza jina lake.

Nne ni kazi yenyewe. Tutatenga saa nzima kuwasikiliza wazee wa Mugere kwa Kirundi na Kiswahili. Tutawauliza: wao wanaliitaje jiwe hili? Wazazi wao walisema nini kuhusu waliolichonga? Jina la Mukamba lingali linajulikana? Kizazi chake kiko wapi? Majibu yataandikwa kwa lugha yaliyotolewa, kisha tutayafasiri. Atakayetuambia kwamba Livingstone na Stanley walikutana hapo kwa mara ya kwanza hatutambishia mbele ya watu. Tutaandika alivyosema, maana hadithi hiyo nayo ina historia yake.

Hitimisho

Nilipoyasoma haya kwenye kikao chetu cha pili, nilipendekeza kila mmoja wetu amtayarishe mtu mmoja ambaye jiwe halimtaji, na amweleze kwa dakika tano tukiwa pale pale. Watu ni watano: Mukamba, Susi, Selim, Ferajji, na mpiga kasia mmoja asiye na jina, ambaye wa kumtayarisha atalazimika kueleza pia kwa nini hana jina.

Mwenzetu wa Mwaro alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Nitakuja. Lakini Mukamba ni wangu, na nitamweleza kwa Kirundi kwanza." Hakuna aliyepinga. Mimi nimemchukua Susi. Bibi yangu nimemwambia kwamba hawakukutana Mugere, akanijibu nikawaulize wazee wa huko kabla ya kumsahihisha. Nimeliongeza hilo kwenye orodha ya maswali.